Nambari Aliyoiruka Warigia

Wacha niliseme hili mapema ili tusije tukasumbuana mbele: Warigia hakuwa mjinga. Wako watu wa Nyeri mjini waliomwita hivyo baadaye, na wengi wao ni wale wale waliokuwa wakipanda ngazi za ofisi ya Umesh, mwajiri wake, na barua zao za kuomba kazi ili awanyooshee Kiingereza. Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na minane. Kompyuta zilipokuja hakuzikimbia kama wenzake. Aliketi nazo, akazisoma tabia, akazizoea. Kufikia mwaka wa tisini na tisa, ukitaka imeili Nyeri ulienda kwa Umesh, na kwenda kwa Umesh maana yake ilikuwa kwenda kwa Warigia.

Ofisi yenyewe ilikuwa juu ya duka la vitambaa la Umesh na mkewe Sudha, Mama Ashish. Kompyuta nane, laini ya simu moja. Hapo ndipo watu walikuwa wanashangaa: laini moja, na watu saba wanasoma barua zao kwa wakati mmoja, tena bila kupigana. Siri ilikuwa kwenye ile kompyuta ya nane, iliyokaa kwenye kona chini ya picha ya mungu wa Umesh mwenye kichwa cha ndovu. Hiyo ndiyo iliyoshika laini kwa modemu yake, na modemu ikiishika, simu ya kawaida haiingii; na ndani yake mlikuwa na programu wanayoiita proksi. Warigia aliwaelezea wateja hivi: hiyo ni mlinzi wa geti. Kila kompyuta ikitaka kutoka nje inapita kwake, naye anaijua kwa nambari yake. Huna nambari, hutoki.

Kompyuta zilikuwa na majina pia, na majina aliyatoa Warigia. Mlinzi wa geti aliitwa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kwa sababu maji mengi yanatoka kwake. Zilizobaki zilikuwa mito: Chania, Gura, Muringato, Thegu, Ragati, Amboni na Sagana. Vijana wa chuo cha polisi cha Kiganjo walipenda Gura kwa sababu iko karibu na dirisha, na kila Jumamosi walijipanga hapo kuwaandikia wasichana uwongo. Sagana ilikuwa ya Warigia mwenyewe, kwenye meza yake. Barua pepe zote za ofisi ziliingilia hapo, na humo ndimo alimopata barua za mtoto wake.

Nambari hazikubandikwa popote. Zilikuwa kwenye daftari lake tu. Fundi Jesse, mtu wa Meru aliyefunga mtandao ule mwaka uliotangulia, alimwambia azipe kompyuta nambari anavyotaka, bora zisifanane, kisha akaenda kula chapati. Warigia akaandika: Kirinyaga moja, Chania mbili, Gura tatu, Muringato nne, Thegu tano, Ragati sita. Hapo akaangalia mlango. Halafu akaandika Amboni nane, Sagana tisa.

Saba aliiruka. Ningekuwa mimi pengine nisingeiruka, lakini mimi sikulelewa na Kabura wa Tetu.

Huyo alikuwa mama yake Warigia, na alikuwa ameshafariki miaka miwili. Wazee wengi wa huko kwetu hawaipendi saba, lakini kwake ilikuwa zaidi ya kutoipenda. Hakuitamka. Akihesabu mbuzi alisema sita, ile ingine, nane. Watu saba hawakutoka pamoja kwenye boma lake. Aliita mbwa aongeze hesabu. Alikuwa na sababu yake. Mtoto wake wa saba alikufa kabla hajapewa jina. Wa nane ndiye Warigia, na Warigia alikua akijua kwamba amesimama karibu sana na kaburi la mwenzake.

Warigia hakuolewa. Alizaa binti mmoja, na kwa desturi akampa jina la mama yake, Kabura. Mtoto mwenye jina la mama yako unamwita mama, yaani maitu, na Warigia hakumwita mtoto yule kitu kingine tangu siku ya kwanza. Maitu, kuja ule. Maitu, umefanya hesabu? Siku Kabura mdogo alipoingia miaka saba, bibi yake hakuja kwenye chai. Mwaka huo huo mtoto akaugua koo, homa ikakataa kushuka, viungo vikavimba, na alipopona daktari alisema ugonjwa umegusa moyo. Bibi alimtazama Warigia tu, na mtazamo huo Warigia aliubeba miaka yote.

Sasa msichana alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa Uingereza, mji unaoitwa Leicester, akisomea unesi, na kanisa zima lilikuwa limechanga kumpeleka. Huko wakampima, wakasema vali ya moyo imechoka, lazima ifanyiwe upasuaji. Barua yake ya Jumamosi tarehe kumi na sita Oktoba ilikuwa fupi na ya furaha, kama kawaida yake:

“Mum, operesheni ni Ijumaa. Naingia wadi Jumatano. Nikishajua namba ya simu ya wadi, Gacheri atakuandikia hapo hapo. Tafadhali nipigie jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili ya huko. Siogopi, lakini nataka kusikia sauti yako kabla hawajanilaza. Ukiniombea kwa simu ndio nitalala.”

Gacheri alikuwa msichana wa Chuka aliyekaa naye chumba kimoja. Warigia aliichapisha barua hiyo, akaikunja mara nne, akaitia kwenye Biblia. Kitu alichokuwa anangoja wiki hiyo kilikuwa kimoja tu: nambari ya simu ya wadi, iingie Sagana Jumatano, apige saa kumi na mbili.

Jumatatu mchana Umesh akapanda ngazi na sidii ya programu mkononi.

Umesh alikuwa mzaliwa wa Nyeri, Kikuyu alikijua kuliko watoto wetu wa siku hizi, na hofu yake kubwa mwaka huo ilikuwa mwaka elfu mbili. Kila gazeti liliandika kwamba kompyuta zitachanganyikiwa usiku wa mwaka mpya. Alikuwa amebadilisha hata saa ya jikoni.

“Mama Kabura, leo tunaweka proksi mpya,” alisema. “Hii ya zamani itakufa na mwaka.”

“Si ungengoja Ijumaa ipite?”

“Kesho asubuhi tunaenda Nairobi kwa sikukuu, kwa mama ya Sudha. Nikingoja nitasahau.”

Basi akaketi mbele ya Kirinyaga, akafuta ya zamani, akaweka mpya. Hiyo mpya ilikuwa na maswali mengi. Baada ya muda akauliza bila kugeuka, “Mashine ziko ngapi zote?”

“Nane,” Warigia akajibu kutoka mezani kwake. Alikuwa anampigia mtu chapa wasia.

Na zilikuwa nane kweli. Umesh akaandika: kuanzia moja mpaka nane. Akaweka neno lake la siri juu ya mipangilio, akajaribu Chania, akajaribu Gura, zikatoka nje vizuri, akashuka kufunga duka.

Jumanne asubuhi Warigia aliwasha kompyuta zote kwa mpangilio wake. Chania ikatoka. Gura ikatoka. Muringato, Thegu, Ragati na Amboni zikatoka. Sagana ikakaa kidogo, ikaleta maandishi kwenye skrini: anwani hii hairuhusiwi.

Akaizima, akaiwasha. Hairuhusiwi. Akaingia chini ya meza na kitambaa, akafungua ncha ya kebo, akaipuliza, akairudisha. Hairuhusiwi. Wateja walikuwa wanaingia, vitabu vya shule vinataka kupigwa chapa, na kila akipata nafasi alirudi chini ya meza. Jioni magoti yake yalikuwa meusi kwa vumbi na Sagana ilikuwa inasema neno lile lile. Hakuogopa sana bado, kwa sababu barua ilikuwa ya Jumatano.

Utauliza kwa nini hakuenda kusoma barua kwenye Chania au Gura. Aliuliza hivyo yeye mwenyewe kabla yako. Sanduku la barua la ofisi lilikuwa na neno la siri, na neno hilo Jesse alilichapa ndani ya Sagana kwa mkono wake, likaonekana nyota nyota tu. Jesse alikuwa ameenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Kampuni ya Nairobi iliyotunza sanduku hilo ilimwambia Warigia kwa simu kwamba mwenye akaunti, ambaye kwenye karatasi zao alikuwa Jesse, aje mwenyewe, na barua na kitambulisho. Ukiwasikia watu wa ofisi wakisema mwenyewe aje, jua wamemaliza.

Jumatano ilikuwa Sikukuu ya Kenyatta. Mji mzima umefungwa, watu wako uwanjani kusikiliza hotuba, mvua ya vuli inatishia kutoka upande wa mlima. Warigia alifungua ofisi peke yake kwa ufunguo wa Sudha na akashinda humo siku nzima, modemu ikipiga kelele yake, akijaribu hili na lile. Alibadilisha nambari ya Sagana akaweka kumi. Hairuhusiwi. Kumi na moja, hairuhusiwi. Akaizima Amboni, akaipa Sagana nane yake, na hapo Kirinyaga ikasema neno jipya: anwani hii ni ya mashine nyingine. Huyu mlinzi mpya hakuwa kama yule wa zamani. Alikuwa ameshaandika kila nambari na mwenyewe, na hakubali uje na kitambulisho cha mwenzako. Akajaribu mbili. Ni ya mwingine. Akajaribu tano. Ni ya mwingine.

Alijaribu nambari zote zilizomjia kichwani isipokuwa ile aliyoiruka.

Saa kumi na mbili ilipofika alikuwa ameketi na simu mapajani, bila nambari ya kupiga. Alipiga hosteli ya Kabura, ikalia muda mrefu, mwishowe msichana fulani akaipokea na kusema Kabura ameenda hospitali, yeye hajui hospitali gani, Gacheri naye hayupo. Warigia akashukuru. Alikaa hapo mpaka saa moja, halafu akairudisha simu kwa modemu ajaribu tena.

Alhamisi asubuhi, saa nne hivi, Umesh alipiga mwenyewe kutoka Nairobi kuuliza habari za duka. Simu iliingia kwa sababu Warigia alikuwa ameichomoa kwa modemu dakika hiyo hiyo ili ampigie.

“Zingine zinafanya?” Umesh akauliza.

“Zinafanya zote. Ni Sagana peke yake. Inasema ati anwani hairuhusiwi.”

“Hiyo ni mambo ya namba. Mimi niliiambia kutoka moja mpaka nane. Namba zako ziko moja mpaka nane, sivyo?”

Hapa ndipo yote yalipo. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi na sijaona pengine pa kulishikia. Warigia aliangalia daftari lake lililokuwa wazi mbele yake, sita, halafu nane, halafu tisa, na akaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa na mdomo, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa simu alikuwa mtu mwema. Alihitaji kusema tu, Bwana Umesh, mimi niliruka moja hapo katikati.

Lakini alikuwa pia katibu wa kina mama kanisani. Mwezi Agosti wazee wa kanisa walimsimamisha mama mmoja, Watiri, asishiriki meza ya Bwana, kwa kumfunga mtoto wake uzi wa mganga mkononi. Barua ya kumsimamisha iliandikwa na nani? Na Warigia, kwenye Sagana hiyo hiyo, na ndani yake aliweka neno ushirikina mara tatu. Sasa aseme yeye anaogopa nambari? Amwambie Mhindi, ambaye dukani kwake anaingia kila mama wa kanisa kununua kitambaa?

“Ndio,” akasema. “Ziko moja mpaka nane.”

“Zote? Hakuna yenye iko nje?”

“Zote ziko sawa.”

“Basi ni kadi ya mtandao imekufa. Nitakuja na ingine kesho. Na msichana? Operesheni ni lini?”

“Ni kesho.”

“Itakuwa sawa, Mama Kabura. Sudha amewasha taa yake tangu juzi, anamuombea.”

Akaweka simu chini. Akaona aibu, na akaona hasira juu ya aibu hiyo, lakini hakumpigia tena. Akairudisha laini kwa modemu, kwa sababu wateja wawili walikuwa wanangoja.

Sasa alijua dawa. Ndani ya moja mpaka nane, nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu. Mchana, wateja walipoenda kula, aliketi mbele ya Sagana, akafungua pale pa anwani, akafuta tisa na akaandika saba. Ikabaki kubonyeza sawa.

Mkono ulikataa. Kesho asubuhi wageni wangempasua mtoto wake kifua, na yeye leo aweke saba kwenye mlango ambao mtoto huyo alipitia kuja kwake? Alimwona mama yake amekaa pembeni ya jiko kule Tetu, akimtazama vile. Alijiambia hayo ni mambo ya zamani. Alijiambia Mungu hahesabu hivyo. Kisha akawaza, na ikiwa si kweli hasara ni nini, na ikiwa ni kweli je? Nimpende mtoto wangu na bado nijaribu bahati juu yake? Kwa kweli alikuwa anamlinda. Hakuna mtu atakayeniambia vingine. Alifuta saba, akarudisha tisa, akalia kidogo, akaenda kunawa uso kabla wateja hawajarudi.

Ijumaa aliamka akiwa na uamuzi mwingine. Upasuaji ulikuwa saa tano ya huku. Wadi wangeweza kumpa simu mpaka saa nne, pengine. Alitembea kutoka kwake Ruring’u bila kunywa chai, na njiani alimwambia mama yake aliyekufa, kwa Kikuyu na kwa sauti, kwamba amsamehe, kwa maana mtoto amesema anataka kusikia sauti yake, na hakuna vile ataingia kwenye kisu bila kuisikia. Mama mmoja wa mboga alimsalimu na hakujibiwa.

Saa mbili na robo aliandika saba na kubonyeza sawa.

Sagana ikatoka nje mara moja, bila hata kusita, kama kwamba haikuwahi kuwa na shida. Modemu ilikuwa imeshika laini, na barua zikaanza kushuka, moja moja, zimepangwa kwa siku. Barua tano.

Ya kwanza ilikuwa ya Jumanne, ya Kabura, ya mzaha mtupu. Mvua ya Uingereza haina adabu, chai yao haina maziwa, na amemwota bibi yake akimfukuza kuku.

Ya pili ilikuwa ya Jumatano asubuhi. Gacheri aliinakili kutoka kwenye karatasi ambayo Kabura aliandika wadini. Nambari ya simu ilikuwa juu kabisa, na chini yake:

“Mum, wameweka simu ya magurudumu, wanakuletea mpaka kitandani, mimi ni bibi mkubwa sasa. Ukipiga, manesi hawajui kutamka jina langu, wewe omba kitanda cha saba tu. Usishtuke! Wakati walinionyesha nilicheka mpaka nesi akaniuliza ni nini. Nikamwambia bibi yangu angekibeba hiki kitanda akitupe nje. Lakini nimelala juu yake, ni kizuri, kiko karibu na dirisha. Saa kumi na mbili ya huko. Nangoja.”

Warigia aliisoma hiyo mara mbili. Alitaka kuisoma mara ya tatu, lakini barua nyingine zilikuwa chini yake.

Ya tatu, ya Jumatano usiku: “Mum, hukupiga. Sijakasirika, najua ni Umesh na mwaka wake wa elfu mbili amekata stima. Kabura aliniambia niandike hivyo hivyo. Alikaa na simu kando ya kitanda mpaka wakaja kuichukua. Amesema kesho mchana atangoja tena. Ni mimi Gacheri.”

Ya nne, Alhamisi asubuhi. Hiyo haikuwa na mzaha: “Mama, madaktari wamesema hali imebadilika kidogo, hawawezi kungoja Ijumaa. Wanamwingiza leo saa nane ya huku, kwenu ni saa kumi. Nimepiga simu ya ofisi yenu tangu jana. Iko bize. Jana mchana wote iko bize, leo nimepiga mara tatu iko bize. Tafadhali ukiona hii piga wadi hata kama ni dakika moja. Ananiuliza kila wakati kama nimekupata.”

Alhamisi saa kumi. Umesh alikuwa amepiga saa nne. Kutoka saa nne mpaka saa kumi ni saa sita, na Warigia alikuwa nazo zote mkononi. Na laini ilikuwa bize kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeishika, Jumatano kwa kujaribu, Alhamisi kwa wateja.

Ya tano ilikuwa ya Alhamisi usiku, mistari miwili.

“Mama, nisamehe, mimi siwezi kuandika. Piga ile namba ya wadi, daktari anataka kuongea na wewe mwenyewe, na tafadhali usiwe peke yako wakati unapiga.”

Kabura alikuwa amekufa. Haikuandikwa, lakini Gacheri alikuwa binti wa watu wa mlima, na watu wa mlima hawakuambii usiwe peke yako kwa sababu nyingine. Warigia alizichapisha barua zote tano. Alizikusanya kwa pembe zake, akazipiga pini. Mikono ilikuwa imezoea kazi ikaifanya, na yeye akabaki ameketi.

Umesh aliingia saa tatu kasoro, na koti lake la safari, kadi mpya kwenye boksi, Sudha nyuma yake na kikapu cha vitamutamu. Aliona skrini ya Sagana na uso wake ukafunguka.

“Umeifanya! Mimi nimebeba kadi bure. Ilikuwa nini?”

“Nambari,” Warigia akasema. “Sagana ilikuwa tisa. Niliruka saba tangu wakati wa Jesse. Jana nilikudanganya.”

“Kwa nini uliruka?”

“Mama yangu hakuipenda.”

Umesh alisimama akamwangalia. Huko chini, juu ya mlango wa duka lake, palikuwa na ndimu moja na pilipili saba zimetungwa kwa uzi mweusi ili jicho baya lisiingie, na kila Jumamosi tangu aolewe, Sudha aliziondoa akaning’iniza nyingine. Kila mtu Nyeri alizijua. Warigia alipita chini yake kila asubuhi kwenda kazini.

“Si ungeniambia tu,” akasema, polepole. “Ningeandika tisa mahali pa nane. Ni dakika moja hiyo, Mama Kabura. Mtu anaogopa, unaandika tisa, basi.”

Sudha hakuwa anasikiliza mambo ya nambari. Alikuwa ameona karatasi. Alizisoma akiwa amesimama, akaweka kikapu chini, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha Warigia, akaketi na kumshika mkono. Akamwambia mumewe aitoe simu kwa modemu. Umesh akaichomoa. Aliitoa vibaya, ile ncha ndogo ya plastiki ikavunjika, na hakuna aliyeijali.

“Nikupigie mimi?” Sudha akauliza.

“Hapana, Mama Ashish. Mimi ndiye niliyengojwa.”

Akapiga nambari yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata karatasi. Ililia kwa mlio wao wa huko, mara mbili mbili. Kule kwao kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Mwanamke akapokea, akataja wadi, akauliza kwa upole amsaidie nini.

Kiingereza chake Warigia alikuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima, na sasa alipokitafuta hakukiona, isipokuwa kile alichoambiwa na mtoto aseme. Akakisema. Akaomba kuzungumza na kitanda cha saba.